Useremala wa uwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu zana za mtumba na mbao za kuokota

Ninaishi Fuoni, Unguja, na mshahara wangu hautokani na mbao. Useremala naufanya uwani baada ya alasiri, chini ya mwembe, kwa zana zilizokwisha kutumiwa na watu wengine na mbao ambazo wenyewe walitaka kuzichoma. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na majirani, wapwa zangu na jamaa wa Pemba wanaonipigia simu. Nimeyaacha kwa mpangilio wa vile yanavyonijia.

Nina pesa kidogo. Nianze kununua nini?

Msumeno mmoja wa mkono, randa moja, patasi mbili (ya nusu inchi na ya inchi moja), nyundo, skwea, futi na penseli. Kwa vitu hivyo utatengeneza kigoda, rafu, sanduku la nguo, hata kitanda. Zaidi ya vyote hivyo, tafuta kitu cha kunolea kabla hujanunua zana ya tatu. Watu wengi wanaoacha useremala mwezi wa kwanza hawakushindwa na mbao, walishindwa na ubutu. Randa butu hurukaruka na kung'oa nyuzi, fundi mgeni akadhani mkono wake haufai.

Hizo zana za mtumba zinapatikana wapi?

Pita kwenye maduka yanayouza vitu vilivyotumika vya makontena. Zana za mkono huwa hazipangwi mbele. Ulizia ndoo au boksi la vyuma lililo nyuma ya mafriji na makochi, uombe ulimwage chini ulichambue.

Njia ya pili ni nyumba za mafundi wa zamani. Mzee aliyekuwa seremala akifariki, sanduku lake hubaki chini ya kitanda miaka na miaka huku linashika kutu. Hapo nenda kwa adabu. Sanduku lile ni mirathi, si la yule kijana aliyekufungulia mlango peke yake. Zungumza na warithi, taja bei ya haki, na ukikuta patasi ina alama ya jina la mzee kwenye mpini, usiikwangue. Mimi ninayo moja ya namna hiyo, na ndiyo patasi yangu ninayoitegemea kuliko zote.

Nitajuaje kama zana ya mtumba ni nzima?

Kutu ya juu isikutishe. Kinachotakiwa kukutisha ni ufa.

Randa ya chuma igeuze, utazame tumbo lake, hasa pembezoni mwa ule mdomo inapotokea takataka ya mbao. Ufa mdogo kama unywele huanzia hapo, kwa sababu mwili wa randa ni chuma cha kumimina na hauvumilii kuangushwa. Kuiunga kwa kulehemu ni kazi ngumu, na mara nyingi hupinda. Kisha toa chuma cha kukatia, uangalie kimebaki urefu gani. Kikiwa kimenolewa mpaka karibu na lile tundu refu la katikati, umebaki na mwili tu. Randa za Stanley namba 4, na zile za buluu za Record kutoka Sheffield, Uingereza, ukizipata hazina ufa, chukua bila kusita. Mpini uliovunjika si kitu, mpini utauchonga mwenyewe.

Msumeno uinue usawa wa jicho, utazame mgongo wake kama unavyotazama uzi wa mwashi. Ukiwa umepinda kama upinde, uache. Ukiwa umekatika meno mawili matatu, unanoleka. Ila chunguza rangi ya ncha za meno: zikiwa za buluu-nyeusi huku chuma chote ni cheupe, meno hayo yamepikwa kwa moto kiwandani na tupa itateleza juu yake. Msumeno kama huo utautumia mpaka uchoke, haunoleki tena. Hata hivyo chuma chake usikitupe, kikate vipande vya kukwangulia mbao kabla ya msasa.

Patasi itazame upande wa bapa, si upande wa mteremko. Kutu iliyochimba vishimo upande wa bapa karibu na ncha haitakupa ukali safi hata unoe mchana kutwa.

Nyundo itikise tu, uone kama kichwa kinacheza.

Mashine za umeme zilizotumika zinafaa?

Zinafaa ukisoma kibandiko kabla ya kutoa pesa. Niliwahi kununua msumeno wa duara uliotoka Japani. Muuzaji aliuchomeka kwa sekunde mbili, ukavuma kwa kasi ya ajabu, nikafurahia ile kasi. Nyumbani nilipasua ubao wa kwanza. Kwenye wa pili ukaanza kutoa moshi mweupe wenye harufu ya plastiki, na huo ukawa mwisho wake. Ile kasi niliyoifurahia ndiyo iliyokuwa dalili. Umeme wa Japani ni volti 100, na wetu ni volti 230. Mashine ilikuwa inalishwa zaidi ya mara mbili ya chakula chake.

Kwa hiyo tafuta maandishi ya V kwenye kibandiko. Ikiandikwa 220, 230 au 240, ni ya kwetu, utabadilisha plagi tu iwe ya pini tatu bapa. Ikiandikwa 100, ni ya Japani. 120, ni ya Marekani. Kuna na mtego mwingine: mashine za Uingereza za mafundi wa majengo, zenye plagi ya rangi ya njano, hutumia volti 110. Zimeandikwa zimetoka Uingereza, nawe unajua umeme wa Uingereza ni kama wetu, ukajiona umefika. Hujafika. Zote hizo zinataka transfoma ya kupunguza umeme yenye wati zinazotosha, na transfoma hiyo ni nzito na mara nyingi bei yake hupita ya mashine.

Tena mwambie muuzaji aiache izunguke dakika mbili nzima. Tazama cheche kwenye matundu ya mota, nusa, ushike mwili wake kama unachemka. Drili na msumeno wa duara wa mtumba ukiwa mzima ni neema. Msumeno wa wati 1,200 ukizunguka saa nzima bila kupumzika unakula yuniti moja na kitu ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, na hakuna anayekata mbao saa nzima bila kupumzika.

Naona mafundi wanafunga diski ya meno ya mbao kwenye grenda. Nami nifanye hivyo?

Hapana. Hili siliachii nafasi ya mjadala. Grenda ndogo huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika, karibu mara mbili ya msumeno wa duara, na diski za meno nyingi hazikutengenezwa kwa kasi hiyo. Jino likinasa kwenye fundo la mbao au msumari, grenda hutoka mkononi na kurudi usoni au mapajani. Hata ukiwa na kinga yake, kinga ile imetengenezwa kwa cheche na si kwa meno. Ubao ukate kwa msumeno wa mkono. Utachelewa dakika tano.

Nimepata zana zimejaa kutu. Nizitoeje?

Zifungue kila kipande, uziloweke kwenye siki nyeupe usiku kucha. Vipande vidogo hata maji ya ndimu na chumvi hufaa. Asubuhi sugua kwa steliwaya, suuza, kisha zichovye kwenye maji yaliyotiwa magadi ili ukali wa siki ufe, la sivyo kutu mpya ya rangi ya chungwa itarudi kabla ya adhuhuri. Kausha juani papo hapo, upake mafuta ya cherehani.

Kwetu hapa kutu ni adui wa kila siku, maana hata hewa ina chumvi. Zana zangu nazifunga kwenye kitambaa cha zamani chenye mafuta, ndani ya sanduku la mbao, na siziachi zilale sakafuni. Anayekaa Nungwi au Jambiani, pwani kabisa, azipake mafuta kila akimaliza kazi.

Nanoaje bila mashine?

Hapa tukae kidogo.

Tafuta kipande cha kioo kinene cha dirisha, kinachobaki kwa mafundi wa alumini. Kioo ndicho kitu bapa kuliko vyote utakavyopata kwa bei rahisi. Juu yake tandaza msasa wa maji, ule wanaotumia wapiga rangi za magari, namba 240, kisha 400, kisha 1000. Maji yaliyomwagwa kidogo juu ya kioo huushika msasa usiteleze. Ukiwa na kinoo cha wazee, kitumie, lakini kwanza kiangalie kama hakijabonyea katikati.

Anza na upande wa bapa wa patasi. Ulaze kabisa juu ya msasa, usugue mpaka sehemu ya karibu na ncha ing'ae yote. Kazi hii huifanya mara moja tu katika maisha ya patasi, kwa hiyo ivumilie hata ikichukua saa. Kisha geuza upande wa mteremko. Mteremko unaotakiwa ni kama nyuzi 25, na si lazima uwe na kipimo: upana wa ule mteremko uwe zaidi kidogo ya mara mbili ya unene wa chuma. Sukuma na kuvuta bila kuyumbisha mkono, viwiko vikiwa vimebana mbavuni. Utajua umefika pale kidole kikipita upande wa bapa kuelekea nje kitakapohisi ukwaruvu mwembamba ncha nzima, kama unyasi. Ule ni ukali uliopinda. Ukiuhisi nusu ya ncha tu, hujamaliza. Ukishakuwa ncha nzima, hamia msasa laini zaidi, na mwisho pitisha patasi kwenye mkanda wa ngozi uliopakwa ile dawa ya kung'arishia shaba, ukiivuta tu kurudi nyuma.

Jaribu kwenye kichwa cha ubao wa msonobari, pale nyuzi zinapokatika. Patasi kali hukata ukabaki uso laini unaong'aa kidogo. Patasi butu huacha unga na nyuzi zilizolala. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza, nilirudi nikarekebisha kazi zangu zote za nyuma.

Msumeno unanolewa kwa tupa ya pembe tatu, jino baada ya jino, idadi ile ile ya mikwaruzo. Mara ya kwanza mwombe fundi akuonyeshe, hasa namna ya kupinda meno moja kushoto moja kulia, kwani bila kupindwa msumeno hunasa ndani ya mbao.

Mbao za bure nazipata wapi?

Penye ujenzi, kwa idhini ya msimamizi. Penye maduka ya vigae na sola, ambako mzigo huja juu ya paleti. Kwa watu wanaoezua nyumba. Penye karakana za samani, ambako vipande vifupi vya mninga na mtiki huenda kwa mama ntilie kuwa kuni. Hapo mimi hubadilishana: nampelekea gunia la mbao laini, ananipa kipande cha mninga.

Usiingie msituni wala kwenye mikoko na panga. Mikoko inalinda fukwe zetu na hukatwa kwa kibali, na mkarafuu nao ni mti wenye sheria yake. Useremala huu ninaousema unaanzia kwenye mbao zilizokwisha kukatwa.

Paleti zote ni salama?

La. Tafuta muhuri uliochomwa ubavuni, wenye alama kama suke la ngano. Pembeni yake kuna herufi mbili za nchi, kisha herufi za tiba. HT maana yake ubao ulipashwa moto, mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wafe. Hiyo chukua. MB maana yake ulifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu. Hiyo iache, hata kwa kuni. Isiyo na muhuri wowote sioni sababu ya kuitia ndani ya nyumba, na yenye madoa ya mafuta au harufu kali usiiguse.

Kuibomoa usitumie nguvu. Misumari yake mingi ina vifundo vya mzunguko vinavyong'ang'ania, ukivuta ubao hupasuka. Pitisha msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo, ukate msumari wenyewe. Kichwa kitabaki kwenye ubao kama doa dogo jeusi, nami naliona linapendeza.

Na mbao zilizomwagiwa zege?

Ni nzuri, ila zege lililoganda huua randa kwa pigo moja. Kwangua kwanza kwa brashi ya waya na patasi mbovu, pande zote nne, ndipo uguse kwa zana nzuri.

Mbao za jahazi la zamani je?

Hizo ndizo nizipendazo. Ubao uliokaa baharini miaka mingi ukabaki mzima umekwisha kujaribiwa kuliko ubao wowote wa dukani. Lakini una mambo matatu. Kwanza chumvi: uloweke na kuusuuza kwa maji baridi mara kadhaa, kisha ukauke kivulini wiki nyingi, la sivyo utavuta unyevu na kutoa jasho ndani ya nyumba. Pili, mafuta ya sifa (ya papa) yaliyopakwa na kalafati iliyozibia nafasi za mbao, ambavyo hukataa vanishi. Kwangua mpaka ufikie mbao yenyewe. Tatu, misumari iliyokatikia ndani. Vunja spika mbovu ya redio, utoe sumaku yake, uifunge kwa uzi na kuipitisha juu ya ubao polepole. Ikivutwa, weka alama ya chaki. Nilipata misumari tisa kwenye ubao mmoja wa futi nne ambao kwa macho ulikuwa safi.

Mataruma, yale mbavu zilizopinda, usiyanyooshe. Yatafaa miguu ya benchi kama yalivyo.

Mlango wa zamani au dirisha lenye rangi nyingi?

Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru watoto zaidi. Usipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua ukiwa na barakoa, kusanya mabaki yote, na watoto wakae mbali. Kuhusu vipande vya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, sivinunui hata nikiletewa mlangoni. Mji ule umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kila mfaa, ule mhimili wa katikati ya mlango, unaong'olewa huacha nyumba moja bila uso.

Mbao ya mnazi inafaa?

Ile ya nje ya gogo, nyeusi na ngumu, inafaa sana. Ya katikati ni laini kama sponji. Jiandae kunoa mara kwa mara, maana mnazi unakula ukali.

Nianze na kazi gani?

Mbuzi ya kukunia nazi. Ni kitu ambacho kila jiko linakijua, na mtumiaji atakwambia ukweli siku hiyo hiyo.

Chukua ubao mgumu wa unene wa inchi moja na nusu, upana shibiri moja, urefu shibiri mbili. Theluthi moja ya mbele ipunguze upana pande zote mbili mpaka ibaki inchi tatu. Sehemu hiyo ndiyo itakayoshika ulimi wa chuma. Miguu ni vibao viwili vilivyosimama, urefu shibiri moja. Chimba mfereji wa robo inchi chini ya kikalio, kila mguu uingie kwa kubana, kisha gundi na skurubu mbili kutokea juu, vichwa vizame. Baina ya miguu pitisha kijiti cha kuishikilia isitanuke, kwa sababu mkunaji huegemea mbele na nguvu zote huangukia mguu wa mbele. Hapo ndipo mbuzi yangu ya kwanza ilipolegea.

Ulimi nunua kwa mhunzi. Ufunge kwa skurubu ili siku ukiisha meno ubadilishwe, na uinuke kidogo juu, nazi isitelezee chini. Pembe zote za kikalio ziviringishe kwa randa na msasa namba 120. Usipake vanishi. Pangusa kwa mafuta ya nazi, basi. Na kwa kitu chochote kinachogusa chakula usitumie mbao za kijanikijani zilizopigwa dawa ya mchwa, wala nguzo ya umeme ya zamani.

Mama yangu mkubwa alipoikalia ya pili alikuna nazi nne bila kusema kitu, kisha akaniambia, "Mwanangu, ishushe kidole kimoja." Nikaishusha.

Sina vibano vya kushikia gundi.

Kata tyubu ya baiskeli iwe utepe mrefu, uzungushe kwa kuvuta. Au funga kamba mizunguko miwili, utie kijiti katikati na kuisokota. Kwa mbao bapa, ndoo mbili za mchanga juu yake.

Droo yangu ilikuwa inateleza vizuri, sasa imekwama. Nimekosea wapi?

Pengine uliitengeneza wakati wa kaskazi, na sasa ni masika. Mbao hunywa unyevu na kutanuka kwa upana, si kwa urefu. Kazi inayofanywa kipindi cha jua kavu iachie nafasi ya unene wa sarafu mbili kila upande. Ubao mpana wa meza usiupige gundi kwenye fremu yake. Uache ucheze ndani ya mfereji, la sivyo utapasuka katikati. Na droo iliyokwama usiipige randa wakati wa mvua. Subiri ikauke uone, maana ukiipunguza leo, kiangazi itakuwa inagongagonga.

Naona unga mwembamba chini ya kigoda.

Ni bungu, mdudu anayetoboa mbao. Kipande kidogo kifunge vizuri na kukitia kwenye friza wiki mbili. Kikubwa kitoe nje kwanza kisiambukize vingine, kisha tafuta dawa ya mbao dukani. Mafuta ya taa ya kupaka hayafiki ndani walipo.

Vumbi linanipigisha chafya.

La mvule hasa, na wengine huwatoa upele. Fanya kazi nje, upepo ukupige mgongoni, vaa barakoa. Miwani ya kinga vaa hata unapopiga msumari mmoja.

Wapi nitafundishwa vizuri?

Vituo vya mafunzo ya amali, kama Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, na Vitongoji kwa Pemba. Wasichana nao waende. Binti wa dada yangu ananoa patasi kuliko mimi.

Niko Wete. Niagize mbao kutoka Unguja?

Kwa nini? Pemba mna mfenesi. Ukianguka kwa upepo au ukiondolewa kwa ajili ya ujenzi, omba gogo, lipasuliwe mapema, mbao zipangwe kivulini zikitenganishwa kwa vijiti. Inchi moja ya unene ipe kama mwaka mmoja. Kiini chake cha manjano hugeuka hudhurungi kadiri miaka inavyokwenda, na mchwa hawakipendi.

Ukikauka, chukua kipande cha upana wa shibiri na urefu wa shibiri mbili, ujaribu marfaa, kile kiweko cha kukunja cha msahafu, kwa ubao mmoja. Gawanya upana sehemu tano pale itakapokuwa bawaba, chimba sehemu moja moja kwa kupishana, pande zote mbili, mpaka nusu ya unene. Kisha pasua ubao kwa unene wake kutoka juu na kutoka chini mpaka misumeno ikutane kwenye bawaba. Nilipasua mbao tatu kabla ya moja kufunguka, na zile tatu nilizotangulia kuzivunja nilikosea mahali pamoja: niliharakisha inchi ya mwisho. Ukifika hapo weka msumeno chini, noa patasi, umalizie kwa patasi.